Pedi ya Mgeni

"Katika mtaa huu hakuna aliyewahi kunifunga kwenye runinga, na mtu huyo hajazaliwa. Wale wa kwenye simu siwahesabu. Simu ni ya kupigia."

Maneno hayo mjomba wangu aliyasema kwenye kipaza sauti cha mkutano wa mtaa, mbele ya watu wapatao sitini, mwenyekiti alipouliza kama kuna mwenye la ziada. Ajenda ilikuwa mitaro. Watu walikuwa wamekaa saa mbili wakisikiliza habari za maji machafu, kila mmoja ameshainua nusu ya makalio kutoka kwenye kiti, ndipo Mjomba akasimama, akavuta shati, akakohoa kama mtu anayetaka kugombea kiti. Aliposema yake, mwenyekiti akamuuliza, "Sasa Profesa, hilo linahusiana vipi na mitaro?" Mjomba akajibu kwamba linahusiana sana, maana vijana wanatembea wameinamia simu na ndio maana wanatumbukia humo.

Watu walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Leo ningekuwa na uwezo wa kwenda kukichukua kile kicheko changu pale ukumbini, ningekwenda kwa miguu.

Huyu mjomba ni kaka wa mama yangu, wa kwanza kuzaliwa kwao. Kabla ya kuitwa Profesa alikuwa karani wa stoo kwenye kiwanda cha sabuni. Miaka kumi na minne alihesabu katoni, akagonga muhuri, akapiga mistari kwa rula. Kiwanda kilipofungwa alirudi nyumbani na kiti cha ofisini chenye magurudumu, muhuri usio na kazi tena, na harufu ya ndimu iliyokataa kutoka kwenye mashati yake. Akapanga chumba katikati ya saluni ya msusi na duka la vifaa vya shule, akakifanya chumba cha gemu.

Chumba chenyewe ni hatua saba kwa tano, nimekipima kwa miguu yangu. Ukiingia, mkono wa kulia kuna runinga kubwa imefungwa ukutani kwa vyuma, na chini yake mashine ya gemu imekalishwa juu ya matofali mawili ili ipumue. Mbele yake kuna mabenchi yaliyotandikwa vipande vya godoro, na vipande hivyo vimekaliwa mpaka vimekuwa vyembamba kama daftari. Kwenye pembe kuna kompyuta moja, ya gemu za magari na vita, yenye feni inayonguruma kiasi kwamba ikiwashwa msusi hupiga ukuta kuuliza kama mvua imeanza. Ukutani palikuwa na karatasi ya masharti, mwandiko wa karani, kila mstari umenyooshwa kwa rula: ALIYEFUNGWA ANAACHIA PEDI. MIKONO IFUTWE. MATUSI NI NJE. SIMU NI YA KUPIGIA.

Mjomba alikuwa na elimu yake juu ya mambo haya. Kompyuta, alisema, ni chuo kikuu: ina vitufe mia na kila kimoja kina kazi yake. Mashine ya runinga ni sekondari: pedi, kile kidude cha kuchezea, ina uzito mkononi, kijiti unakisikia chini ya kidole, kitufe ukikibonyeza kinakujibu. Simu ni chekechea: unapapasa kioo kama unatafuta vumbi, kidole chako mwenyewe kinakuziba usiuone mpira, halafu katikati ya penalti shangazi anapiga kuuliza kama umekula.

"Gemu gani hiyo inayokatizwa na shangazi?" alikuwa akiuliza, na chumba kizima kinakubali.

Mimi, niliyeishia katikati ya stashahada ya umeme, mjadala wa ngazi za elimu huwa siuchangii.

Msusi wa jirani ndiye pekee aliyekuwa akimjibu. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kujaza ukumbi, na simu yake yenye ufa kwenye pembe haikumtoka mkononi ila akiwa anaosha kichwa cha mtu. "Mimi nacheza dawa ikiwa kichwani mwa mteja," alimwambia siku moja. "Siombi zamu, sikai kwenye godoro la mtu. Wewe umeme ukikatika unabaki kuwa mzee mwenye mabenchi." Mjomba alicheka kwa pua, ile ya kuonyesha kwamba hajaguswa.

Sasa nieleze habari za pedi, maana ndiyo aibu yenyewe.

Pedi zilikuwa nne. Mbili zilining'inia kwenye misumari, hizo ni za wateja kuchezea wao kwa wao. Ya tatu ilikuwa ya Mjomba mwenyewe, ina utepe mwekundu, na hakuna aliyeigusa. Ya nne ilikuwa na utepe mweupe, ilikaa kwenye droo, na ilitoka kwa sababu moja tu: mtu akitaka kupambana na Profesa. Iliitwa pedi ya mgeni. Mjomba alikuwa akiifungulia droo taratibu, anaifuta kwa kitambaa, anaikabidhi kwa mikono miwili. Ungedhani unapewa cheti.

Pedi ya mgeni ilikuwa mbovu. Mwaka wa kwanza mtu aliimwagia soda, na tangu hapo kijiti chake cha kushoto, kile cha kukimbizia wachezaji, kilikuwa kinavuta kushoto. Si sana. Kingevuta sana mtu angekigundua. Kilivuta kiasi cha kumfanya mtu ajilaumu mwenyewe. Unataka kwenda mbele, mchezaji wako anaelea kidogo kidogo kuelekea pembeni, unamrudisha, umechelewa, Mjomba ameshakupora mpira. Watu ishirini wamesimama nyuma yako wanakupumulia shingoni, basi unasema ni woga. Na kwa kuwa aliyefungwa anaachia pedi, huna hata dakika ya kuichunguza. Ukilalamika, Mjomba anakwambia kwa upole, "Mkono ni wako, ndugu yangu. Mimi nimekupa pedi tu."

Alijua. Sisemi alikaa siku moja akapanga hila. Nijuavyo mimi, alikusudia kuitengeneza wiki ile ile ya soda, kisha akashinda mechi tatu mfululizo, akasema itakuwa wiki ijayo. Wiki hiyo ijayo ikachukua miaka sita. Ndani ya miaka hiyo akapata jina la Profesa, akawa anasalimiwa barabarani, watu wa mtaa wa pili wanakuja kupigwa picha naye. Ukishapewa jina kama hilo, kwenda kwa fundi kunakuwa safari ndefu sana.

Mimi pia nilijua. Umeme niliusoma nusu, lakini ile nusu inatosha kabisa kutambua kijiti kibovu. Niliishika ile pedi mara moja tu, nikacheka, nikairudisha kwenye droo. Niliona ni utani mzuri.

Mjomba ana mdogo wake. Sisi tunamwita Mjomba Mdogo, ingawa kwa mvi anamshinda mkubwa. Huyu alikuwa seremala, na si wa wale wanaopigilia misumari kisha wanaomba dua. Droo zake ulizisukuma kwa kidole kimoja zikaingia zenyewe, zikatoa pumzi kidogo mwishoni kama mtu aliyekaa baada ya kutembea. Rafu ya vioo iliyoko kwenye saluni ya msusi ni kazi yake, na mpaka leo haijatikisika, pamoja na wateja wote wanaoiegemea.

Siku moja mashine ya kupasulia mbao ilimkata mkono wa kushoto. Ncha ya kidole cha shahada ikaenda, na dole gumba likashonwa nyuzi tisa. Daktari akasema dole litarudi, mishipa yake iko salama, ila lisiachwe lilale. Lifanyishwe mazoezi.

Ndipo Mjomba, kwa mapenzi kabisa, nami nilikuwapo nikisikia, akamwambia, "Mdogo wangu, njoo kwangu kila Jumamosi mchana. Kijiti cha pedi ni mazoezi tosha. Tutacheza mimi na wewe mpaka kidole kikae sawa."

Mjomba Mdogo akaja. Na anayecheza na Profesa hupewa pedi ya mgeni. Mkono wa Mjomba ulikwenda kwenye droo wenyewe, kama mkono wa mtu anayezima taa akitoka chumbani. Akaifuta. Akaikabidhi kwa mikono miwili. Naamini Jumamosi ya kwanza hakukumbuka. Alikumbuka Jumamosi ya pili, mechi ikiwa katikati, nilimwona uso unavyombadilika. Lakini chumba kimejaa, watu wamesimama, ungesemaje? Samahani mdogo wangu, hiyo ni ile ninayowaibia wengine? Akaendelea kucheza. Nadhani alisema moyoni kwamba atasema Jumamosi ya tatu.

Jumamosi tisa Mjomba Mdogo alicheza. Kila akimkimbiza mchezaji wake mbele, mchezaji alielea kushoto mpaka kwenye kibendera cha kona. Ikafika mahali akawa hatazami tena runinga, anatazama kidole chake. Alikuwa akikisemesha chini chini, "Haya, nenda. Nenda basi." Na Jumamosi ya nne mimi, kwa ulimi huu huu, nikasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mjomba, huyo mchezaji wako ana ndugu huko konani?"

Chumba kiliangua kicheko. Kuanzia siku hiyo akaitwa Kona. Mpaka watoto wanaokuja kununua penseli duka la jirani wakawa wanamwamkia, "Shikamoo Mzee Kona." Naye anaitikia. Jina hilo nimelitengeneza mimi, na sijui nilirudishe wapi.

Jumamosi ya kumi hakuja. Alimwambia mama yangu kwamba kidole kimekataa. Kama hakiwezi kusukuma kijiti cha mchezo, alisema, hakiwezi kuongoza ubao mbele ya meno ya msumeno. Akafunika mashine zake kwa turubai, akaenda kuwa mlinzi wa geti kwenye ofisi fulani, kazi ya kuinua kile chuma ili magari yapite. Mkono wa kulia unatosha.

Miaka miwili ikapita hivyo. Mambo yalikuwa yamefika hapo siku Mjomba aliposhika kipaza sauti kwenye mkutano wa mitaro.

Asubuhi iliyofuata msusi alitokea mlangoni kwetu, mikono ina povu mpaka kwenye viwiko.

"Profesa, nimesikia hatuhesabiwi."

"Umesikia vizuri."

"Basi njoo uhesabu. Jumapili saa tisa alasiri, simu kwa simu, hapa hapa barazani."

"Nitakuonea, mwanangu."

"Nionee. Wateja wangu wanapenda kuona mtu akionewa wakati dawa inaingia."

Watu wa kwenye benchi walikuwa wameshaguna. Mjomba akaona hawezi kurudi nyuma. "Nitatumia kidole kimoja," akasema.

Siku zote zilizobaki alifanya mazoezi nyuma ya kompyuta akidhani hatumwoni. Alikuwa akibonyeza kile kioo kwa nguvu za mtu anayegonga muhuri. Alizoea kijiti kinachosukumana na kidole, kitu cha kushindana nacho. Kwenye simu kidole kinateleza tu, hakijui kimefika wapi. "Hakuna pa kushika," nilimsikia akinung'unika. "Mtu unacheza na hewa."

Jumapili baraza ilijaa. Wanawake wawili walitoka saluni wamevaa mifuko ya nailoni kichwani. Kila mmoja alishika simu yake mwenyewe, na hilo ndilo jambo ambalo sikulifikiria mapema: kwenye simu hakuna pedi ya mgeni. Kila mtu amekuja na mkono wake na kioo chake.

Msusi alimfunga tano bila. Bao la pili lilipigwa Mjomba akiwa bado anatafuta kitufe cha kupokonya. La tatu lilipigwa akiwa anapangusa jasho kwenye kioo kwa shati. Kabla ya la nne simu yake iliita, alikuwa mama yangu akiuliza kama amekula. Naapa haikuwa njama. Mwenye duka la vifaa vya shule alilazimika kukaa chini kwa kucheka.

"Hiki si chombo," Mjomba akasema alipomaliza. "Leteni pedi tuone."

Wakati huo Mjomba Mdogo alikuwa anapita kwenda kazini, amevaa sare yake ya ulinzi, ile ya buluu iliyompwaya mabegani. Msusi ndiye mtu pekee mtaani ambaye hakuwahi kumwita Kona.

"Fundi," akamwita, "njoo ukae hapa. Kaka yako amechoka, chukua simu yake tucheze ya mwisho."

"Kidole changu kimekufa, dada. Si unajua."

"Huku hakuna kijiti cha kusukuma. Kiweke tu juu ya kioo, kitalala hapo kama kiko nyumbani."

Akakaa, kwa adabu tu, ili asimkatalie mwanamke mbele za watu. Akaishika simu ya kaka yake. Akaweka lile dole lenye kovu.

Mchezaji akaenda mbele. Akaenda moja kwa moja, kama mstari uliopigwa kwa penseli ya seremala. Mjomba Mdogo akamgeuza kulia, akageuka kulia. Akamsimamisha, akasimama. Mtu mmoja nyuma akasema, "Leo Kona haendi kona," watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka kwa sababu mpira ulikuwa wavuni. Mechi iliisha mbili kwa mbili, na msusi hakuwa amemhurumia, nilimwona anavyouma mdomo.

Mjomba Mdogo alikigeuza kile kidole mbele ya macho yake, akakikunja, akakikunjua. Uso wake ulikuwa na mwanga ambao sikuwa nimeuona miaka miwili. Kisha akamtazama kaka yake, maana yeye ndiye mjuzi.

"Kaka, ni kidole au ni simu?"

Mdomo wa Mjomba ulifunguka. Niliyaona maneno yamefika mpaka kwenye meno. Nyuma yake kulikuwa na watu wote wale waliomwona amefungwa tano, na mmoja alikuwa bado anajifuta machozi ya kicheko.

"Ni simu," akasema. "Simu ni rahisi. Nilishawaambia, ni chekechea."

Ule mwanga ukazimika taratibu, kwa heshima, bila kumlaumu mtu. "Nilifikiri hivyo hivyo," Mjomba Mdogo akasema, akarudisha simu. "Nilitaka kujidanganya hapa. Maana Alhamisi anakuja mtu kuchukua mashine zangu. Msumeno, randa, na meza ya kazi. Nimeshamkubalia." Akavaa kofia yake, akaenda kuinua chuma.

Jumatatu asubuhi nilimkuta Mjomba peke yake chumbani. Alikuwa ameitoa pedi ya mgeni kwenye droo na anacheza nayo. Kwenye runinga mchezaji wake alikuwa anaelea, anaelea, mpaka kwenye kibendera. Anamrudisha katikati, anaelea tena.

"Ulikuwa unajua?" akaniuliza bila kugeuka.

"Nilikuwa najua."

"Wewe si ulisoma umeme?"

"Nusu."

"Ndiyo hiyo nusu waliyowafundisha kunyamaza?"

Hakuwa ananisema mimi tu. Akaizima runinga. "Nitamwambia kesho," akasema.

Jumanne alikwenda mpaka kwenye lile geti. Alisimama upande wa pili wa barabara, akamwona mdogo wake akiinua chuma na kukishusha, akarudi. Akatuambia jamaa alikuwa na kazi nyingi. Jumatano akampigia simu. Nilikuwa karibu. Alimuuliza kama ameamka salama, kama watoto wameamka salama, kama yule aliyekuwa na mafua amepona, kisha akasema haya bwana, akakata. Mimi nilikuwa na simu mfukoni, na ulimi mnaoujua. Sikupiga. Nilijiambia kwamba hayo ni mambo ya ndugu wawili.

Alhamisi tukaenda kusaidia kupakia.

Mjomba alivaa koti lake la zamani la kiwandani, akafika kabla ya mnunuzi, akabeba kuliko wote. Alitoka jasho mpaka ile harufu ya ndimu ikarudi. Mjomba Mdogo aliipangusa meza ya kazi kwa kiganja, akatoa vumbi la mbao lililokwama kwenye jiliwa ya kubania mbao, akavuta turubai kwenye msumeno. Mnunuzi alikuwa kijana mstaarabu anayefungua karakana yake. Alipotaka kuunyanyua msumeno, Mjomba Mdogo akamshika bega.

"Subiri nikwambie jambo. Huu ukiwa bado haujapata moto unavuta kulia. Kidogo tu. Uuache uzunguke kwanza ndipo uanze kazi. Nakwambia mapema usije ukaharibu mbao ukadhani ni mkono wako."

Mjomba alikuwa ameshika upande wa pili wa meza. Aliuweka chini, akasema anakwenda kunywa maji. Alikaa huko mpaka gari likaondoka. Mnunuzi alichukua kila kitu isipokuwa sanduku la patasi, alisema anazo. Mjomba Mdogo akalirudisha ndani, akalisukuma kwa mguu chini ya kitanda.

Ijumaa Mjomba aliipeleka pedi ya mgeni kwa fundi simu wa pale njia panda. Nilikwenda naye. Fundi aliifungua, akakitoa kijiti cha zamani, chini yake soda ilikuwa imekauka ikawa kama gundi ya kahawia. Akaweka kipya, akafunga kwa skrubu nne mpya. Alimaliza kabla chai yake haijapoa. Miaka sita, na kazi ilikuwa ya muda huo.

Mpango wa Mjomba ulikuwa mdogo na wa aibu, aliniambia tukiwa njiani kurudi. Amwite mdogo wake Jumamosi, wacheze, mdogo wake ashinde, aamini kidole kimerudi chenyewe. Kila mtu afurahi, mtu asiulize. Mashine zingine zitapatikana taratibu. Niliona ni mpango mbaya, nikasema ni mpango mzuri.

Jumamosi mchana Mjomba Mdogo akaja kwa kuwa ameitwa na mkubwa wake. Chumba kilijaa kama zamani, msusi amesimama mlangoni na kitana kwenye nywele zake. Mjomba akafungua droo, akaifuta pedi yenye utepe mweupe. Akaikabidhi kwa mikono miwili.

Mjomba Mdogo alimfunga tatu kwa moja. Sijui kama Mjomba alimwachia; nadhani la kwanza alimwachia, mawili aliyopigwa baadaye hakuwa na la kufanya. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza Profesa kufungwa kwenye runinga, lakini hakuna aliyempigia kelele, maana wote walikuwa wanamtazama yule mwingine. Alikuwa amekishika kidole chake cha kushoto kwa mkono wa kulia, kama mtu aliyempata mtoto sokoni.

"Kaka," akasema. "Kimerudi."

"Kimerudi, mdogo wangu."

"Na si kwa sababu ya simu. Hii ni pedi. Yale mazoezi yako ya Jumamosi, kumbe yalifanya kazi pole pole."

Akamshika kaka yake mkono. Akamshukuru. Alimshukuru mbele yetu sote, kwa maneno marefu, na Mjomba akawa anatikisa kichwa kama mtu anayepigwa kwa kitu ambacho sisi hatukioni.

Kisha Mjomba Mdogo akaigeuza pedi. Ndivyo alivyo, hakuna kitu anachokishika asikitazame chini. Meza, kiti, hata sahani. Akapitisha kidole kwenye skrubu.

"Hizi ni mpya."

Akaigeuza tena juu. Kofia ya kijiti cha kulia ilikuwa imechakaa, ya kijivu. Ya kushoto ilikuwa nyeusi, inang'aa.

"Umebadilisha kijiti."

"Ndiyo."

"Lini?"

"Jana."

"Kilikuwa na nini?"

Mjomba alitazama karatasi yake ya masharti ukutani, ile yenye mistari iliyonyooka. Angeweza kusema kilivunjika. Angeweza kusema chochote, na sote tungeitikia, mimi wa kwanza.

"Kilikuwa kinavuta kushoto," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hujaumia."

Feni ya kompyuta ilikuwa inanguruma, mtu akanyoosha mkono akaizima. Mjomba Mdogo akanigeukia mimi, mpwa wake, mwenye umeme wangu nusu na jina nililompa. Nikatazama viatu vyangu. Alinitazama kwa muda, akaniacha.

Akaiweka pedi kwenye goti. Dole lake la kushoto likawa linakizungusha kile kijiti kipya taratibu, mbele, nyuma, kulia, kushoto, na kila upande kilikwenda kilipotumwa. Alipozungumza ilikuwa kwa sauti ya kawaida kabisa, ile aliyokuwa akiitumia zamani kuulizia mbao.

"Na huyo fundi ulimlipa ngapi?"

"Elfu tatu na mia tano," Mjomba akasema. "Pamoja na kijiti."